Nilivyowaunganisha mzee wa kabureta na vijana wa mashine

Kuna ushauri nimechoka kuusikia: “Wazee wapumzishe, weka vijana, gari za siku hizi ni kompyuta.” Nasimamia gereji Ilala, Dar es Salaam, na ningeufuata ushauri huo tungeshafunga. Fundi wetu mkubwa ameanza kazi enzi za kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Vijana wametoka chuo cha ufundi VETA, na mashine ya kupimia gari haiwatoki mikononi. Nilipokabidhiwa usimamizi, kati yao hakukuwa na maneno zaidi ya shikamoo na marahaba.

Aliyenitangulia aliona dawa ni kuwatenga: gari za zamani kwa mzee, za kisasa kwa vijana. Mzee akawa anashinda kwenye benchi, maana gari za zamani zenyewe ziko wapi? Vijana nao wakabaki kubahatisha vipuri, gari zikawa zinarudi na wateja wamefura.

Ikaja Toyota IST, taa ya injini inawaka, sailensi (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda na kushuka. Dogo mmoja akachomeka mashine, ikasoma namba ya hitilafu P0171: hewa nyingi, petroli kidogo. Akataka kubadilisha sensa ya hewa papo hapo, na hicho si kipuri cha bei ya kuchezea. Nikamzuia. Sikumwita mzee aje kumsahihisha mbele ya mteja. Nilimwambia dogo aandike namba hiyo kwenye kadi ya kazi, ampelekee mzee na kumuuliza swali moja tu: “Baba, hewa inaweza kuwa inaingilia wapi?”

Mzee akachukua kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ya pili akaitembeza taratibu kando ya mipira ya injini. Nyuma ya manifodi, bomba la kuingiza hewa kwenye injini, akasimama. “Mwanangu, njoo usikilize.” Dogo akatega sikio: fyuuu. Wakapuliza kabureta klina, dawa ya kusafishia, kidogo pale, injini ikiwa haijachemka, na mlio ukabadilika mara moja. Mpira ulikuwa umepasuka kwa chini, pasipoonekana. Mpya ulipatikana kwa hela ya soda mbili tatu. Kisha mzee mwenyewe akasema, “Haya, washa mashine yako tuone inasemaje.” Dogo akamwonyesha namba za marekebisho ya petroli zikirudi karibu na sifuri, na mzee akaomba aelezwe tena. Nilifurahi mno.

Siku hizi kipuri hakinunuliwi mpaka kadi iwe na majibu mawili: mashine imesema nini, na mzee amesikia nini. Mzee hapendi kuandika, kwa hiyo anatuma sauti WhatsApp, dogo anaandika. Usimlazimishe mzee kuchapa maneno kwenye simu, utamnyamazisha bure. Kikao cha asubuhi naye ndiye anayeanza kusema. Nikiwa na la kumrekebisha, namfuata kwenye kahawa, simwiti ofisini. Kijana ni tofauti: mwambie palepale na umpe sababu, hapendi kuzungushwa.

Vijana nao niliwatetea. Mzee alizoea kuwatuma chai wakiwa wamelala chini ya gari. Nikamwomba kwa adabu asubiri wamalize, akakubali.

Bosi bado ananiuliza mzee anastaafu lini. Namwonyesha kadi: gari zinazorudi zimepungua sana. Nimemwomba aongeze mkataba wa mzee, na anunue mashine inayosoma vizuri gari za haibridi, zile za petroli na umeme, maana zimeanza kutufikia.