Kura ya Shemeji Huko Woodridge

Dada yangu alikuwa ameniandikia kwamba Queensland nzima, huko Australia, tangu tarehe 5 Agosti 2024, nauli ya treni na basi ni senti 50, na kwamba nisikubali kudanganywa na mtu. Nikatua Brisbane tarehe 15 Oktoba nikiwa na imani hiyo, baada ya kukaa angani kama gunia lililobanwa kati ya magunia mawili, na kijana wa dirisha la tiketi za treni akanidai zaidi ya dola 20. Nilimwambia kwa upole kwamba mimi ni mgeni lakini si mjinga. Akanieleza, naye kwa upole vilevile, kwamba treni ya kiwanja cha ndege haimo katika mpango huo. Nikatoa takriban shilingi 40,000 za kwetu Tanzania kwa mwendo wa dakika ishirini hivi, kisha kutoka mjini hadi Woodridge, ambako ni mbali zaidi, nikatoa senti 50, yaani kama shilingi 900. Sijasamehe hadi leo.

Woodridge ni kitongoji cha pembezoni, ndani ya manispaa ya Logan, kusini mwa Brisbane kwenye njia ya kwenda Gold Coast. Watu wa mataifa zaidi ya 200 wanaishi Logan, na Kiswahili nilikisikia siku ya kwanza tu, kile cha Kivu na cha Burundi, karibu na kituo cha treni. Shemeji yangu ni mmoja wao. Alizaliwa upande wa Fizi, mashariki mwa Kongo, akavushwa Ziwa Tanganyika akiwa mtoto mwaka 1996, akakulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wilayani kwetu Kasulu, ndiko alikomwoa dada yangu kabla hawajapelekwa Australia.

Siku kumi zilizofuata sina la kusimulia isipokuwa usingizi na bei ya nyanya.

Siku ya uchaguzi wa bunge la Queensland, Jumamosi tarehe 26 Oktoba, shemeji aliniamsha mapema. Nilimuuliza haraka ya nini, maana nilikwisha kuona kwamba hapakuwa na mkutano wa hadhara, gari la vipaza sauti wala kofia za bure. Mabango machache tu yalifungwa kwenye uzio. Akacheka. "Shemeji, hapa hakuna anayekuja kutuomba kura. Wameshazihesabu." Jimbo la uchaguzi la Woodridge limekuwapo tangu mwaka 1977 na chama cha Labor hakijawahi kulipoteza. Mwaka 2012, chama hicho kilipofagiliwa kikabakiwa na viti 7 tu kati ya 89, Woodridge kilikuwa kimojawapo. Mwaka 2020, mgawanyo wa mwisho ulipofanywa kati ya wagombea wawili waliobaki, Cameron Dick wa Labor alipata takriban kura tatu kati ya kila nne. Kwa usalama huo, mbunge wa mtaa wa wapangaji na wahamiaji aliweza kuwa waziri wa fedha na naibu waziri kiongozi, kwa kuwa hakuhitaji kukaa jimboni kutwa akilinda kiti.

"Sasa unaenda kufanya nini?" nikamuuliza.

"Nisipoenda nitapigwa faini."

Kituo kilikuwa katika ukumbi wa shule. Mimi nilibaki mlangoni, na kutoka hapo niliona mambo yaliyonishangaza kuliko ndege iliyonileta. Karani alimuuliza shemeji jina lake, anwani yake, na kama amekwisha kupiga kura mahali pengine. Hakudai kadi ya aina yoyote. Hapakuwa na wino wa kidoleni. Kibanda cha kupigia kura kilikuwa cha maboksi, na ndani yake palikuwa na penseli. Penseli! Nimesimamia mitihani ya darasa la saba kwa miaka mingi, na najua penseli na ufutio ni mtu na ndugu yake, lakini hapo hakuna aliyeonekana kuwa na wasiwasi.

Shemeji alikaa ndani muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Sheria ya Queensland inamtaka mpiga kura aweke namba kwa kila mgombea, 1 kwa anayempenda zaidi, na kuendelea hadi wa mwisho, ili ikiwa hakuna aliyevuka nusu, wa mkiani aondolewe na karatasi zake zigawiwe kwa chaguo la pili. Katika ngome kama ile, chaguo la tano halibadilishi kitu. Yeye alizijaza zote, akazirudia kwa kidole, kisha akakunja karatasi polepole kama mtu anayekunja noti ya mwisho. Nje alininunulia soseji iliyofungwa katika kipande cha mkate, ambayo wazazi huiuza siku hiyo kuchangia shule, kwa dola 4. Shilingi 7,000 kwa soseji moja!

Tulipokuwa tunakula akaniambia kwamba hadi alipopata uraia huko hakuwahi kupiga kura popote. Wenzake waliobaki Kongo walipopiga mwaka 2006, yeye alikuwa Nyarugusu. Wenyeji wa Kasulu walipopiga, yeye alikuwa mkimbizi. Kwa hiyo hakuona haja ya kuuliza kama kura yake ina uzito.

Usiku serikali ya Labor ilianguka: hesabu zilipokamilika, chama pinzani cha LNP kikawa na viti 52 kati ya 93, Labor 36. Woodridge ilibaki pale pale. Shemeji alikuwa amekwisha kulala; kesho yake alikuwa na zamu.

Mimi sikulala. Kwetu uandikishaji wa wapiga kura wa serikali za mitaa ulifunguliwa tarehe 11 Oktoba, siku ya mkesha wa safari yangu, nami nikauahirisha kwa sababu ya mizigo, na kwa sababu niliona kijijini kwetu matokeo yanajulikana. Mwaka 2019, upinzani uliposusia, wenyeviti wengi walipita bila kupingwa. Uandikishaji ulifungwa tarehe 20, nikiwa Woodridge nanunua nyanya.

Niliporudi Kasulu katikati ya Novemba, orodha ya wapiga kura ilikuwa bado imebandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, imeloa mvua pembeni. Niliisoma yote. Jina la mama lilikuwamo, limekosewa herufi moja.