Siku moja na watoto 127 wa darasa la kwanza

Saa 10:30 alfajiri naamka. Naoga, napika chai ya rangi, nampigia mwanangu pasi sare yake, natia kiporo cha wali kwenye kopo. Saa 11:30 niko kituoni Gongo la Mboto na mfuko wa salfeti uliojaa madaftari niliyosahihisha usiku. Asubuhi watu wote wanakwenda mjini, mimi naelekea Chanika, kwa hiyo siti napata. Mfuko naupakata mwenyewe, maana konda akiuona chini anataka nauli ya mzigo.

Tukifika Pugu Kajiungeni huwa natazama upande wa shule. Nyerere alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955, alipoacha kazi ya darasani ili aitumikie TANU. Akawa Waziri Mkuu, akawa Rais, na mpaka leo nchi nzima inamwita Mwalimu. Nafikiria jambo hilo karibu kila siku hapo Kajiungeni. Jina la kazi yangu ndilo jina la heshima kubwa kuliko yote tuliyo nayo, na bado dada yangu wa damu aliposikia nimechaguliwa chuo cha ualimu aliuliza, "Kwani hukupata kwingine?"

Saa 12:30 nasaini kitabu cha mahudhurio. Usafi, mstarini, kukagua kucha, wimbo wa taifa. Saa 2:00 naingia darasani.

Watoto ni 127. Chumba kilijengwa kwa watoto 45, ambao ndio idadi ya darasa inayotajwa katika miongozo yetu. Madawati yanabeba wanne wanne, waliobaki wanakaa mbele kwenye mkeka karibu kabisa na ubao, na vumbi la chaki linawaangukia kichwani. Kipindi cha darasa la kwanza ni dakika 30. Gawanya mwenyewe: kila mtoto ana sekunde 14 za mwalimu wake. Katika sekunde hizo nimshikishe penseli, nisikie anavyotamka, nione kama amekula, nijue kama anaona ubaoni.

Kusoma tunafundisha kwa sauti za herufi. Kwanza irabu, kisha konsonanti moja moja, kisha silabi. Asiyefundisha darasa hili hajui kazi iliyomo katika "ba be bi bo bu". Kuna mtoto amehamia kutoka shule ya mchepuo wa Kiingereza baada ya mzazi kushindwa ada, kwake hiyo herufi ni "bii", na "ba" anaisoma "bii-ei". Mwingine anaimba silabi zote tano bila kosa, lakini ukigusa "bo" peke yake hajui uanze nayo wapi, ameshika wimbo tu. Na kuna wanaochanganya b na d. Kwa jicho la mtoto wa miaka sita ni umbo moja lililogeuzwa. Kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea kushoto, kwa nini herufi ibadilike? Kumwondoa mtoto hapo kunataka ukae naye, ushike mkono wake, umchoree nukta azifuate, leo, kesho na wiki ijayo. Wale wenye shida hiyo ninao zaidi ya ishirini.

Ilikuwa karibu saa 4:00, wako kwenye vizibo vya soda wanahesabu, nikasikia mlango unagongwa kwa funguo.

"Mwalimu, njoo mara moja."

Mzazi, mwanamume wa miaka hamsini hivi, koti la bodaboda begani. Namfahamu kwa sura. Nikamwamkia. "Shikamoo baba. Niko kwenye kipindi, naomba unisubiri dakika kumi, mapumziko yanaanza sasa hivi."

"Marahaba. Hata mimi nina kazi zangu. Nakupotezea muda wewe, wewe hunipotezei mimi?"

Nikatoka. Nyuma yangu watoto 127 wakaanza kuvuma kama nyuki.

"Mtoto kila siku hela ya uji, hela ya uji. Elimu ni bure au siyo bure?"

Nilimweleza taratibu. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na tangu Januari 2016 michango ya lazima nayo ilifutwa. Jambo zuri kabisa, na ndilo lililonijazia darasa langu kwa watoto ambao wangebaki nyumbani. Lakini ruzuku imepangwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na katika hizo 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shuleni inashuka 6,000. Mwaka una siku 194 za masomo. Ni kama shilingi 31 kwa mtoto kwa siku, na humo humo kuna chaki, mitihani na ukarabati. Uji haumo. Uji waliukubali wazazi wenyewe kwenye mkutano, shilingi 200 kwa siku, na asiye nayo mtoto wake hafukuzwi.

"Mkutano gani? Mimi sikuwepo."

"Kweli baba, hukuwepo."

"Basi naomba nione hizo hela zinakwenda wapi."

Daftari la uji ninalo mimi. Nimelipewa tangu Januari, na ni kazi isiyo na posho: kuandika majina, kukusanya sarafu, kwenda kununua unga na sukari, kutunza risiti. Nikalileta. Akalifungua ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama pale pale mlangoni, akilamba kidole, na mimi jicho moja darasani kwa sababu wawili walishaanza kupigana wakigombea vizibo. Hakuona kosa. Nadhani ndilo lililomuudhi zaidi.

"Sawa, lakini ninyi walimu mna raha. Mshahara wako unaingia mvua jua. Saa tano na nusu watoto wanatoka, unakwenda kulala. Mwezi wa sita nyumbani, mwezi wa kumi na mbili nyumbani. Halafu kila siku mnalia hamlipwi vizuri. Ualimu si wito? Ukitaka hela ungefanya kazi nyingine."

Neno hilo "wito" nimelisikia tangu chuoni. Nimelisikia kwenye hotuba, kwenye harusi, kwa mwenye nyumba wangu nilipoomba anisogezee kodi wiki mbili. Sijawahi kusikia mtu akilitaja tunapozungumzia namna mtoto anavyojifunza kusoma. Linatajwa jirani na pesa tu, na kila linapotajwa lengo lake ni ninyamaze. Wito ninao. Nisingekuwa nao ningeondoka mwaka wa tatu, kama walivyoondoka wenzangu wawili niliosoma nao. Lakini wito wangu hauwezi kuwa sababu ya mtu mwingine kunilipa pungufu. Ukiukuta kwa mfanyakazi wako, umepata kitu ambacho mshahara peke yake usingekinunua, na hapo ndipo ungepaswa kuogopa kumpoteza.

Hayo sikumwambia. Nilisema, "Sawa baba, nimekusikia."

Akageukia jambo lenyewe, ambalo nadhani ndilo lililomleta. Sauti ikashuka.

"Huyu mtoto hasomi. Juzi nimemwambia aandike baba, kaandika dada. Nikampa tena, kaandika dada. Ana akili kweli?"

"Ana akili sana baba. Hizo ni b na d tu, zinamgeukia. Wako wengi." Nikamwita kabinti kake kutoka kwenye mkeka, nikamwambia achore herufi hewani kwa kidole. Kisha nikamfungulia baba yake kitabu cha mahudhurio. Mwezi uliopita siku 11 hakuja.

Akatazama ile mistari ya alama kwa muda mrefu. "Mama yake alikuwa msibani Kilwa. Nani angekaa na mdogo wake?"

Sikuwa na jibu. Mtoto wa darasa la kwanza alikuwa analea mwenzake, na baba alikuwa barabarani anatafuta hela ya kula. Nikamwambia siku nyingine amlete hata na huyo mdogo, atakaa kwenye mkeka. Akatoa noti ya 2,000 akaiweka juu ya daftari la uji, akavaa koti, akaondoka. Hakuaga. Nikaandika: siku kumi, amelipa.

Dakika 35 zilikuwa zimekwenda. Kengele ilishagongwa, uji wangu umeganda utando juu, na kipindi cha kuhesabu hakitarudi.

Saa 5:30 darasa la kwanza wanatoka. Yule baba angenikuta nalala saa ngapi? Saa 6:30 wanaingia darasa la pili katika chumba hicho hicho, maana vyumba havitoshi, na ni mimi tena kwa sababu walimu wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) tuko wawili na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Katikati nina saa moja ya kufagia vizibo, kuandika andalio la somo, kula kiporo.

Ofisini mazungumzo ni mshahara, tarehe 19, mwezi haujageuka. Niliajiriwa 2015, na katika TGTS B, ngazi ya mshahara ya walimu, mshahara wa kuanzia ulikuwa 419,000 kabla ya makato. Pensheni asilimia 5, bima ya afya 3, chama cha walimu 2, kisha kodi, kisha mkopo wa benki niliojengea msingi wa nyumba ambao sasa umeota majani. Baada ya hapo tulikaa miaka bila nyongeza, na madaraja yakasimama. Mwaka 2022 tulisikia asilimia 23.3, tukapiga vigelegele, kisha tukaona kwenye hati za mshahara kwamba asilimia hiyo ilikuwa ya kima cha chini na wa juu yake walipata pungufu ya hapo. Mwaka 2025 kima cha chini kilipandishwa tena kutoka 370,000 hadi 500,000, na hiyo niliifurahia kwa moyo kabisa, maana naijua maisha ya mhudumu wa ofisi yetu. Madaraja nayo yamefunguliwa, nimepanda. Lakini daraja lililochelewa miaka limechelewa, na hakuna atakayenirudishia ile miaka. Mwalimu mkuu ana posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi, na anastahili. Anayesimama mbele ya watoto 127 hana posho yoyote ya kusimama hapo.

Mwenzangu wa meza ya pili hasemi kitu katika mazungumzo haya. Kadi yake ya benki iko kwa mtu wa kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, huyo mtu ndiye anayetangulia kwenye mashine, anachukua chake, anampa kilichobaki. Ni mwalimu bora wa hisabati niliyewahi kumwona darasani. Alikopa mama yake alipolazwa. Watoto wake wa darasa la saba wanamkimbilia akishuka kwenye bodaboda kumpokea mkoba.

Darasa la pili mchana ni la kupigana na usingizi, wao na mimi. Bati halina dari, joto linashuka moja kwa moja. Kisha mvua ikapiga. Mvua ikipiga bati tupu hakuna somo, hata ukipiga kelele wa mbele hasikii. Tukakaa tu. Nikawaandikia sentensi ubaoni, wakanakili, nikapita dawati kwa dawati kwa kuwainamia, mgongo ukawaka. Sijui ilikatika saa ngapi.

Watoto wakaondoka. Nikakumbuka sijajaza kazi zangu za wiki kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wetu, nikajaribu kwa simu yangu na bando langu, mtandao ukagoma, nikajaribu tena kituoni nikisubiri gari. Mfumo una nafasi ya kuandika kazi niliyofanya na kiasi nilichofikia. Nikaandika vipindi. Sikupata mahali pa kuandika dakika 35 mlangoni, wala siku 11 za yule mtoto.

Nyumbani kulishaingia giza. Mwanangu alikuwa amepika ugali mwenyewe. Nikala, nikamsikiliza hadithi zake za mpira, nikamwaga mfuko mezani.

Madaftari 127. Dakika moja kila moja ni saa mbili na dakika saba, nikiwa na kasi. Unaweza kuweka tiki tu ukamaliza mapema, na najua walimu waliochoka wanaofanya hivyo, siwahukumu. Lakini mtoto wa darasa la kwanza anafungua daftari kwanza kutazama ulichomwandikia, hata kama hajui kukisoma. Kwa hiyo naandika. Vizuri. Jaribu tena hapa. Shika mstari.

La yule kabinti lilikuwa karibu na chini. Nilikuwa nimewapa "baba" na "bibi". Ameandika dada, dada, dibi, dada, baba, dada. Moja limetoka sawa, la tano, na nadhani hakujua. Nikalizungushia duara jekundu, nikamchorea pembeni b kubwa ya nukta, mistari miwili, azifuate kwa penseli. Nikalitoa kwenye rundo na kuliweka juu kabisa, ili kesho nimwite kabla ya mstarini, kwenye ile nafasi ya usafi ambayo hakuna kipindi.

Yamebaki 19.