Boti kwa boti kutoka Kilwa mpaka Tanga, kusi ikiwa mgongoni

Nafundisha historia sekondari huku Tabora, mwaka wa 9 sasa, na kila mwaka nikifika mada ya miji ya pwani naandika ubaoni Kilwa, Zanzibar, Mombasa, Lamu, nachora mishale miwili ya upepo, mmoja unashuka mmoja unapanda, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Hiyo miji sikuwahi kuiona hata mmoja. Bahari yenyewe nilikuwa nimeiona mara moja tu Dar, nilipoenda kwenye harusi, tena kupitia dirisha la daladala.

Sasa mwaka juzi mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili akaniuliza, madamu, kama dhahabu ilikuwa Sofala huko chini Msumbiji, kwa nini Kilwa ndo ikatajirika? Nikamjibu vile nilivyosoma, bandari nzuri, watawala wakashika biashara, basi. Ila jibu langu mwenyewe halikunitosha. Nikamsimulia mwenzangu anayefundisha jiografia, akaniambia hilo swali linajibiwa na upepo madamu, siyo na masultani, halafu akasema si twende tukaone.

Zile meli kubwa za watalii tuliziangalia kwenye simu, bei yake kwa mwalimu haiongeleki, tukaziacha hapohapo. Tukasema tutaenda wenyewe bandari kwa bandari, kwa vyombo wanavyopanda watu wa kawaida, na pasipo na chombo tutapanda basi. Kila mmoja akawa anaweka sh 50,000 kila mwezi, miezi 14, ikafika laki saba kila mtu. Kuna mwezi niliitamani sana ile hela maana mtoto aliumwa, lakini mume wangu akasema hiyo usiiguse, tutatafuta nyingine, na kwa hilo nitamshukuru siku zote.

Mwanzo nilipanga tuanzie Tanga tushuke kusini kwa sababu niliona ni rahisi. Mwenzangu akakataa kabisa, akasema likizo yetu ni ya Juni, Juni ni kusi, upepo unatoka chini unapanda juu, tuanzie Kilwa tupande nao. Nilikubali tu kwa heshima, sikuwa nimeelewa.

Basi tumefika Dar kwa basi, tumelala kwa dada yake, alfajiri tukapandia basi la Kilwa Mbagala, tukapita daraja la Rufiji, tukafika Nangurukuru ambako barabara inachepuka kwenda Masoko. Kibali cha kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, ulipo mji wa kale, unakichukua palepale Masoko, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza, ukienda usijifanye unajua njia maana kisiwa ni kikubwa na magofu yametawanyika. Kuna boti za injini na kuna mashua za tanga. Mwenzangu akasema tanga.

Nahodha alikuwa mzee, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba wanangu mnatoka wapi, tukasema Tabora, akasema aaah Unyanyembe, jina la zamani la kwetu, kama vile ni mtaa wa pili. Tukangoja kidogo maji yajae, tukapanda. Mpaka Kisiwani siyo mbali, unaiona kabisa, lakini tanga lilipopandishwa likashika upepo ile mashua ililala ubavu ikachomoka, mimi nikashika mbao kwa mikono miwili, yaani hakuna kelele ya injini, ni maji tu yanapiga chini na kamba zinalia. Mzee akasema hii ndo kusi. Ikianza hii, vyombo vya Arabuni na vya Hindi vilikuwa vinafunga safari kurudi kwao.

Na hapo ndo mwenzangu akanifundisha, ndani ya mashua. Akasema chukulia wewe ni mfanyabiashara umetoka Uarabuni, umeshuka na kaskazi, ule upepo wa kutoka juu, wa Desemba, Januari. Ukifika Kilwa unauza, unanunua, unasubiri kusi, unageuka unarudi kwenu ndani ya mwaka mmoja. Ukijipa moyo ukashuka mpaka Sofala, kule ile kaskazi inakuwa imeshachoka, utachelewa, kusi itakupita na utakaa ugenini mwaka mzima. Kwa hiyo wageni wakawa wanaishia Kilwa, na watu wa Kilwa ndo wakawa wanaifuata dhahabu Sofala kwa vyombo vyao na kuileta hapa. Kilwa ikatajirika kwa sababu iko pale ambapo upepo wa kwenda na kurudi unaishia. Miaka tisa nimechora ule mshale na sikuwahi kusema mshale unaishia wapi!

Kisiwani penyewe sijui nianzie wapi. Msikiti Mkuu bado umesimama, sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, kisha ukaongezwa mpaka ukawa na kuba na matao, yote kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukiingia kuna ubaridi, sauti inabadilika, nikajikuta naongea polepole bila kuambiwa. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa 1331 akausifu mji huu kuwa miongoni mwa miji mizuri, na sultani wa wakati ule, al-Hasan ibn Sulaiman, ndo inasemekana alijenga jumba la Husuni Kubwa. Huko tulitembea kwa miguu jua likiwa kali, ila ukifika kuna bwawa la kuogea la pembe nane limekaa juu ya jabali, na bahari yote iko mbele yako. Nilisimama pale nikawaza kwamba mwenye nyumba hii alikuwa anaona kila tanga linaloingia kabla halijatia nanga. Walikuwa na sarafu zao za shaba, na moja yenye jina la huyo al-Hasan iliokotwa Zimbabwe Kuu, fikiria umbali huo. Lile neno "ustaarabu wa pwani" nililokuwa naandika ubaoni ni hili, ni watu walioweka bwawa la pembe nane juu ya jabali.

Kisiwa kina wenyeji wake bado, nyumba zao ziko katikati ya magofu, mbuzi wanapita, watoto walitusindikiza mpaka Gereza, ile ngome iliyo ufukweni ambayo Wareno walianza kuijenga 1505. Ukuta mmoja bahari imeshaula. Nilijua kwamba 2004 Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini na ikatolewa 2014 baada ya kazi ya kuhifadhi, lakini kuona maji yanapiga msingi kwa macho yangu kuliniuma sana, na nawaambia walimu wenzangu kama mna uwezo msingoje kustaafu.

Tukarudi Dar. Kutoka Dar kwenda Unguja boti ya kasi haifiki saa mbili, kakate tiketi kwenye ofisi yenyewe usimpe hela mtu wa njiani, na beba kitambulisho cha NIDA. Unaingia Mji Mkongwe kwa mbele, kama ulivyojengwa ukae. Kutoka baharini unaona majumba yote yamepangwa yanakutazama, na hapo utaelewa kwamba mlango wa mji huu ni bahari, huku kwa daladala za Darajani tunaingilia uani. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, ya mwaka 1883 ilibomoka sehemu Desemba 2020, kwa hiyo tuliitazama kwa nje tu.

Mkunazini ndo palinivunja. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na kanisa likajengwa juu yake. Nje kuna shimo na ndani yake sanamu za watu watano wamefungwa minyororo shingoni. Mimi ni mtu wa Tabora, misafara ilikuwa inapumzika kwetu kabla ya kushuka Bagamoyo, wazee wetu wanasema miembe mingi ya njiani ilimea kwa kokwa za wapagazi na mateka, na mimi nimecheza chini ya hiyo miembe nikiwa mdogo. Sasa nikawa nimesimama mwisho wa ile njia. Ndani ya kanisa kuna msalaba wa mti wa kule Chitambo alipofia Livingstone, na watumishi wake Chuma na Susi na wenzao walipita kwetu wakiwa wamebeba mwili wake. Nilikaa kwenye benchi muda mrefu, mwenzangu hakunisemesha, akaenda kununua maji akarudi akakaa.

Jioni tulikula urojo Forodhani kisha tukaingia meli ya usiku ya kwenda Pemba. Hii ni ile kubwa ya kubeba na magari, watu wanatandika mikeka na khanga wanalala. Kabla sijakaa nilitafuta maboya ya kujiokolea yako wapi na mlango wa karibu uko wapi, na wewe fanya hivyo. Ilipofika mkondo wa Nungwi watu waliokuwa wanaongea wakapunguza sauti, wengine nikasikia wanasoma dua, maana huko ndiko ile meli ya Spice Islander ilizama Septemba 2011 ikiwa imejaza kupita kiasi na karibu kila familia ya Pemba ina mtu wake. Na sisi tukanyamaza. Meli ilikuwa inanyanyuka na kushuka polepole, kusi iko nyuma, alfajiri tukashuka Mkoani salama.

Pemba tulipanga siku mbili tukakaa nne. Mtu aliyetukatia tiketi ya Tanga alitupa siku isiyo na meli, tumeamka usiku, tumefika bandarini na mizigo, tunaambiwa leo hakuna chombo. Nilikasirika mpaka machozi maana hela zilikuwa zimehesabiwa. Tukarudi kwa yule bi mkubwa tuliyepanga kwake, akasema basi wanangu kaeni, chumba mtalipa nusu, na kesho twendeni shamba. Akatupeleka kwenye mikarafuu yake. Harufu unaipata kabla hujaona mti. Wachumaji wanapanda juu kabisa wanavuta matawi kwa kamba, na vikonyo vinachambuliwa kwa mkono kimojakimoja, jioni vidole vyangu vilikuwa vyeusi. Nikamuuliza kwa nini karafuu ni Pemba zaidi kuliko Unguja, akasema ile tufani ya zamani. Nikakumbuka, 1872, kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Mimi niliijua kwa mwaka wake, yeye aliijua kwa bibi yake. Alitufungia karafuu kwenye kitambaa, hela akakataa.

Kwenda Tanga ndo nilipoipata. Kutoka Pemba unaelekea magharibi, kwa hiyo kusi haiko mgongoni tena, inakupiga ubavuni, na meli inabingirika kushoto kulia, siyo kunyanyuka na kushuka. Moyo ukanichafuka vibaya sana. Mama mmoja akanipa kipande cha tangawizi nitafune, akanihamishia katikati ya meli sehemu ya chini, akasema usitazame mawimbi mwanangu, tazama mbali. Mbali kulikuwa na milima ya Usambara inatokeza, nikaikazia macho mpaka tumeingia ghuba ya Tanga. Kwa hiyo mwenye tumbo kama langu asile vyakula vya mafuta kabla, abebe tangawizi au limau na mfuko wake, na akae katikati.

Tanga tulikuwa tumebakiwa na hela ya siku moja, tukaenda Tongoni, kwenye makaburi ya kale ya nguzo, mengine nguzo zimeanguka. Pangani tukaikosa, nayo niliitaka sana kwa ajili ya Abushiri, aliyepigana na Wajerumani. Jioni basi, Dar, kisha Tabora.

Shule ilipofunguliwa nilipitisha kile kitambaa cha karafuu darasani wanuse, nikachora mshale wa kaskazi nikauishia Kilwa, nikamwita yule mwanafunzi, sasa yuko kidato cha nne, aje awaeleze wadogo zake kwa nini unaishia pale. Mwaka huu likizo tutakayotumia ni ya Desemba, kwa hiyo upepo utakuwa umegeuka, tutaanzia juu. Tutaingia Lamu kwa boti kutoka Mokowe halafu tushuke Malindi na Mombasa, kaskazi ikiwa nyuma yetu. Ile elfu hamsini tumeshaanza kuweka tena.