Nilivyofuma huku taya zikipona: uzoefu wangu baada ya kung'olewa magego ya hekima

Magego yangu mawili ya chini yalikuwa yamelala ubavu ndani ya fizi, moja kila upande, yakiyasukuma meno ya jirani. Daktari wa meno alinionyesha kwenye picha ya eksirei na kunieleza kazi itakavyokwenda: fizi itachanwa, mfupa utapunguzwa kidogo, gego litakatwa vipande ndipo litoke, kisha fizi itashonwa kwa nyuzi zinazoyeyuka zenyewe. Nilimsikiliza mpaka mwisho, halafu nikauliza swali lililokuwa moyoni tangu mwanzo.

"Daktari, nitaweza kufuma?"

"Mikono haina shida, fuma tu," akasema. "Ila usiinamishe kichwa, usijichoshe, na usikaze taya."

Mambo hayo matatu yanaonekana madogo kwa asiyefuma. Kwa mfumaji ni makubwa, kwa sababu tunafuma tukiwa tumeinama, tunasahau muda, na wengi wetu tunakaza taya kila tunapohesabu vitanzi. Kwa hiyo nilijiandaa mapema, na maandalizi hayo ndiyo yaliyoniokoa.

Kwanza nilichagua kazi. Shali ya matundu matundu niliyokuwa naifuma niliikunja nikaiweka kabatini. Kazi ile inataka uhesabu kila mstari, na ukiteleza kitanzi kimoja unafumua mistari mizima. Kichwa kilichojaa dawa za maumivu hakifai kwa hesabu za namna hiyo. Badala yake nikaanza skafu ya vitanzi 40, mshono mmoja tu kutoka mwanzo hadi mwisho, hakuna kugeuza wala kupunguza. Kuanzisha vitanzi na mistari michache ya kwanza nilifanya kabla ya siku ya upasuaji, maana pale mwanzoni ndipo kazi inapoyumba na kuhitaji macho. Uzi wote niliuviringisha kuwa mabonge kabisa. Nilitaka nikirudi nyumbani nikute sindano zinanisubiri, niendelee tu.

Pili nikafuma mkanda wa barafu, na huu nausimulia kwa kirefu kwa sababu ulinifaa kuliko kitu kingine chochote. Baada ya upasuaji wa aina hii unatakiwa kukandamiza barafu kwenye shavu, dakika 20 unaweka, dakika 20 unapumzisha, kwa siku ya kwanza au mbili. Mtu aliyeng'olewa pande zote mbili anahitaji mikono yote miwili kushika barafu, basi atafuma na nini? Nikapima kwa utepe kuanzia chini ya kidevu, kupita mashavuni, hadi utosini. Nikafuma mkanda wa upana wa vidole vinne, na kwenye kila shavu nikafuma kipande kingine nilichokishonea juu yake kuwa mfuko. Pakiti ya barafu inaingia mfukoni, mkanda unapita chini ya kidevu na kufungwa utosini kwa kamba.

Nilitumia uzi wa pamba, si sufu. Sufu hushika hewa katikati ya nyuzi zake, na ndiyo sababu hutupa joto. Ukiiweka kati ya barafu na shavu, baridi haifiki inapotakiwa. Pamba nyembamba inapitisha baridi na wakati huohuo inazuia barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani barafu tupu huunguza ngozi. Tena pamba inavumilia maji ya moto. Mate yenye damu yatadondoka, hilo halikwepeki, na sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua inasinyaa na kugandamana.

Tatu, nikautoa mdomo wangu katika kazi ya kufuma. Wafumaji mtanielewa. Mimi hukata uzi kwa meno. Sindano ya akiba hubana midomoni. Vile viduara vya kuwekea alama huvishikilia kwa meno nikiwa nageuza kazi. Basi nikafunga mkasi mdogo kwa utepe na kuuvaa shingoni, na vile viduara nikavitia kwenye kifuniko cha kopo karibu na mkono wangu wa kulia. Nilifanya mazoezi hayo siku kadhaa kabla, ili mkono uzoee kwenda shingoni badala ya kwenda mdomoni.

Kuhusu upasuaji wenyewe sina mengi. Ganzi ilifanya kazi vizuri. Nilihisi msukumo na kusikia sauti, sikuhisi maumivu. Nilitoka nikiwa nimeuma shashi pande zote mbili, midomo mizito, kidevu kama si changu. Siku hiyo sikugusa sindano. Nililala nimeinua kichwa kwa mito miwili, na mdogo wangu akawa anabadilisha barafu.

Kesho yake uvimbe ulikuwa umeongezeka, na siku iliyofuata ukaongezeka tena. Nilikuwa nimeambiwa kwamba uvimbe hupanda hadi siku ya pili au ya tatu ndipo uanze kushuka, hivyo sikushtuka nilipojitazama kwenye kioo. Kamba za mkanda zilinisaidia hapo. Kama ningefuma mkanda wa kuvuta, ungenibana shavu lilipofura. Kwa kamba nilikuwa nalegeza kidogo kila asubuhi.

Nikaunganisha kufuma na barafu. Barafu ikiwa shavuni, nafuma. Ikitolewa, naweka sindano chini na kufumba macho. Hivyo nikapata mapumziko bila kulazimishwa na mtu, na lile sharti la kutojichosha likawa limetimia lenyewe.

Kuinama ndiko kulikohitaji akili zaidi. Ukiinamisha kichwa, damu inajaa usoni na jeraha linaanza kudunda. Niliketi nimeegemeza kisogo ukutani, mto mnene mapajani, mto mwingine chini ya kila kiwiko, kazi ikapanda hadi usawa wa kifua. Bado macho yalitaka kushuka. Nikaamua kufuma kwa kupapasa. Mshono wa kawaida vidole vinaujua: ncha ya sindano inatafuta mwanya wa kitanzi, uzi unazunguka, kitanzi kipya kinatoka, cha zamani kinadondoka. Nilikuwa natazama dirishani na kufuma. Nikifika mwisho wa mstari napitisha kidole gumba juu ya vitanzi vyote, nikikuta mwanya mpana kuliko kawaida najua kuna kitanzi kimeanguka.

Sasa taya. Hapa nilijifunza jambo ambalo katika miaka yote ya kufuma sikuwahi kulichunguza. Nilifunga kipande cha uzi mwekundu pembeni mwa skafu, upande mmoja, kiwe ukumbusho. Kila kidole kikigusa ule uzi mwekundu, nakagua mdomo: midomo imefungwa, meno ya juu na ya chini hayagusani, ulimi umetulia nyuma ya meno ya mbele ya juu. Mara nyingi nilikuta meno yamekutana na misuli ya shavu imekaza, ilhali kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kabisa. Naachia, navuta pumzi kwa pua, naanza mstari mwingine.

Na skafu yenyewe ikaanza kunisimulia hali yangu. Mistari niliyofuma dawa ikiwa imeshika ilikuwa imelegea sawasawa. Mistari ya saa ambazo dawa ilikuwa inaelekea kuisha ilibana, hata kuingiza ncha ya sindano ikawa kazi. Mkono ulikuwa unajua maumivu yanakuja kabla mimi sijakiri kuwa naumia. Kuanzia hapo nikawa nameza dawa kwa saa ilizoandikwa, bila kungoja maumivu yapande, kwa sababu maumivu yaliyokwisha kupanda ni magumu kuyashusha. Saa za dawa niliziandika kwenye daftari lilelile ninaloandikia hesabu za mistari. Aspirini nilikatazwa, kwani inazuia damu kuganda, na baada ya kung'olewa jino tunataka damu igande.

Hilo la damu kuganda niliseme vizuri. Jino likitoka, shimo lake hujaa damu inayoganda kuwa donge. Donge hilo ndilo linalofunika mfupa na mishipa ya fahamu mpaka nyama mpya ikue. Likibanduka mapema, mfupa unabaki wazi, na maumivu yake husambaa hadi sikioni. Ndiyo maana tunakatazwa kunywa kwa mrija, kutema mate kwa nguvu na kuvuta sigara: kuvuta na kutema kunaweza kuling'oa. Mimi nilikuwa nainamia sinki na kuacha maji yadondoke yenyewe.

Katazo hilo liligusa hata namna ninavyounga uzi. Wafumaji wa sufu wengi tunaunga kwa mate: unachambua ncha mbili, unazilaza moja juu ya nyingine, unalowesha mdomoni, unasugua viganjani mpaka joto lizigandamanishe. Kwenye hali ile, kuingiza manyoya ya sufu mdomoni kungekuwa kuleta uchafu kwenye jeraha. Nikaweka kisahani cha maji ya vuguvugu pembeni. Maji yanaunga vilevile, mradi sufu isiwe ile iliyotiwa dawa ya kuizuia isisinyae kwenye mashine, maana hiyo haigandamani hata ukiisugua mchana kutwa.

Kuongea kulikuwa kugumu, mdomo ulifunguka upana wa kidole kimoja tu. Mdogo wangu akasema, "Dada, usijisumbue kuongea. Ukitaka maji inua sindano, ukitaka kulala niinulie bonge." Tuliishi hivyo, na nilimshukuru sana kwa hilo, maana mgonjwa anayejibishwa kila dakika hapumziki.

Chakula kilikuwa supu iliyopoa, mtindi, viazi vilivyopondwa, mayai laini, vyote kwa kijiko cha chai. Baada ya saa 24 za kwanza nikaanza kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi moja, hasa baada ya kula. Mikono nilikuwa nainawa kwanza, kwa sababu mikono ya mfumaji imeshika uzi siku nzima.

Usiku mmoja niliona mate yana rangi ya waridi na moyo ukaruka. Tukapiga simu, tukaambiwa mate ya rangi hiyo ni kawaida siku za mwanzo, niume shashi safi kwa nusu saa bila kufungua kuchungulia. Ikakatika. Tulipewa pia dalili za kutokungojea kabisa: damu inayojaza mdomo na haikomi, homa, usaha au ladha mbaya, maumivu yanayozidi siku ya tatu au ya nne badala ya kupungua, na ganzi ya mdomo au kidevu isiyoondoka. Hiyo ya mwisho ina sababu yake, maana mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini na kidevu unapita ndani ya taya karibu na mizizi ya magego hayo. Niliziandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kufumia, mahali ambapo mdogo wangu pia angeziona.

Saa 48 zilipopita barafu haikuwa na kazi tena, lakini mkanda ulibaki. Nikautumia kwa joto: kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, ndani ya kila mfuko. Misuli ya taya ililegea vizuri kwa joto lile, nikawa nafungua mdomo taratibu mbele ya kioo na kupima kwa vidole. Kimoja, kisha viwili. Vidole vitatu vilipopita vikiwa vimesimama wima, mmoja juu ya mwingine, nilijua taya zimerudi, na siku hiyo ndiyo niliyoitoa shali kabatini.

Uzi mwekundu nimeuhamishia kwenye shali, na kila kazi mpya sasa naifungia wake. Mkasi bado uko shingoni. Kama una miadi ya kung'oa magego na unafuma, anza na mkanda, uufume mapema kiasi cha kuufua na kuukausha kabla ya siku yenyewe. Jipime ukiwa bado hujavimba, lakini kamba ziache ndefu, angalau shubiri moja zaidi ya unavyodhani zitatosha. Fuma miwili ukiweza, ili mmoja ukiwa kwenye kamba ya nguo mwingine uwe shavuni.