Tiki ya 29 haipo

Umeme umerudi jioni hii hapa Kadutu, Bukavu, nikakimbilia redio kabla haujaondoka tena.

Wiki nzima nimekuwa najiuliza: nani anadanganya kuhusu masafa ninayosoma, redio au kadi ya sauti ya kompyuta inayopima sauti yake?

Saa mbili usiku, redio ikiwa imeshapata moto, nikainasa WWV ya Colorado, Marekani, kituo kinachorusha saa na masafa sahihi, kwenye megahezi 15. Hafifu, inakuja inazama. Kwanza kwa AM, namna ya kupokea ambayo kosa la redio halibadilishi toni: toni yao ya hezi 600 ikasomeka 600.06. Kadi ya sauti haina kesi. Nikahamia USB (namna ya kupokea ambayo kosa la redio husikika kwenye toni), megahezi 14.999, palipopaswa kutoka hezi 1000 kamili.

1014.

Mwizi ni redio! Toni imezidi kwa sababu redio yenyewe iko chini kwa hezi 14.

Lakini kilichonishika ni zile tiki za sekunde za WWV. Kila dakika ya 29 hairushwi, wala ya 59. Nikawa nazihesabu, macho nimefumba, nangoja ule ukimya mdogo... haya, huo.

Mama akapita na sahani: "Unasikiliza saa? Si ile iko ukutani?"

Ya ukutani imesimama tangu Pasaka, Mama.

Ndugu zangu wa redio wa Goma na Lubumbashi, nyinyi mnaipata WWV saa ngapi? Na redio zenu zimepotea hezi ngapi? Semeni ukweli 😄