Plastiki Isiyo na Bei

Maji ya bamvua yakishapwa, ufukwe wa Kunduchi hubaki na mstari mrefu wa mwani unaoonyesha mahali bahari ilipofika usiku. Mwezi uliopita niliufuata mstari huo asubuhi na mapema, kiroba kitupu mkononi, na sikufika mbali kabla ya kuona kuwa mwani ulikuwa umesukana na vitu ninavyovifahamu vizuri kutoka jikoni kwangu: vifuniko vya chupa vya buluu, mirija, vijiti vya pipi, kandambili ya mtoto iliyopauka kwa jua, na vile vifungashio vyepesi vya karanga na ubuyu ambavyo mtu hukichana kimoja kwa meno, akala, akakiachia upepo.

Mbele yangu alikuwapo kijana anayeokota chupa. Aliniamkia, nikamwitikia, kisha akachungulia ndani ya kiroba changu na uso wake ukaonyesha huruma. "Hivyo havina bei, mama," aliniambia. "Kwenye mzani wanataka chupa."

Maneno yake hayajanitoka. Kijana yule, pamoja na wenzake wanaozunguka mitaani tangu alfajiri, huondoa chupa nyingi kuliko kampeni yoyote ya usafi niliyowahi kushiriki, kwa sababu kila kilo ya chupa ina mnunuzi. Kinachobaki ufukweni ni kile kisicho na mnunuzi, na kwa sababu hakina mnunuzi, hakina mwingine wa kukishughulikia isipokuwa yule aliyekitumia, yaani mimi na wewe.

Watu wengi wa hapa Dar es Salaam huamini kuwa taka za ufukweni huachwa na wanaokwenda kupunga upepo. Wapo wanaofanya hivyo, lakini njia kubwa zaidi ni mitaro na mito yetu. Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha ukaingia baharini karibu na Daraja la Salenda, na kila mvua kubwa huusafisha kama mtu anavyosuuza sufuria, isipokuwa kwamba masuuzo yake hayamwagwi uani bali baharini. Huko plastiki hugawanyika kwa uzito. Chupa ya maji iliyojaa maji huzama, kwa kuwa plastiki yake ni nzito kuliko maji ya bahari, ilhali kifuniko chake, ambacho ni cha plastiki ya aina nyingine, huelea na kurudi nchi kavu. Kwa hiyo kila nionapo kifuniko peke yake mchangani hujiuliza chupa yake imelala wapi.

Kinachoelea hakibaki kwetu. Mkondo wa bahari wa pwani hii huelekea kaskazini karibu mwaka mzima, na pepo za kusi huuongezea nguvu, hivyo taka ya Dar inaweza kuishia Tanga au ng'ambo ya mpaka, nasi tukapokea za wengine. Kule Aldabra, kisiwa cha Shelisheli kisicho na wakazi zaidi ya watafiti na walinzi wachache, zoezi la usafi la mwaka 2019 liliondoa tani 25 za taka, nyingi zikiwa zana za uvuvi, na kandambili zikiwa miongoni mwake kwa wingi wa kusikitisha. Hakuna duka la kandambili Aldabra.

Wala jua na mawimbi haviiozeshi plastiki. Huivunjavunja tu, hadi ikawa chembe zisizofika milimita 5, ambazo samaki humeza pamoja na chakula chake. Kasa, kwa upande wake, anaweza kuumeza mfuko unaoelea akidhani ni yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini ambaye baadhi ya kasa humla.

Sheria zimesaidia, na ni haki kusema hivyo. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017, nasi Tanzania Bara tukafuata tarehe 1 Juni 2019. Anayekumbuka mifuko ya rambo ilivyokuwa ikining'inia kwenye miti na nyaya za umeme anajua tofauti iliyopo. Hata hivyo, marufuku iligusa mfuko wa kubebea, siyo kila kinachofungashwa. Nakubaliana pia na wanaosema kwamba viwanda vina deni kubwa kuliko mnunuzi. Tulikuwa na utaratibu mzuri, ambao bado haujafa: soda ya chupa ya kioo, ambayo mwenye duka hakuruhusu kuondoka nayo mpaka uache chupa nyingine au rehani. Hakuna aliyehitaji kuhubiriwa kuhusu mazingira ili arudishe chupa ile. Ningependa kuona rehani ya namna hiyo kwenye kila chupa ya plastiki, na siku nikipewa nafasi ya kuliunga mkono jambo hilo nitasimama.

Lakini siku hiyo haijafika, na mtaro uko mlangoni kwangu leo. Baada ya asubuhi ile niliweka ndoo jikoni, nikaomba nyumba nzima itie humo kila plastiki isiyo na bei. Siku ya nne ilikuwa imejaa, ingawa tulijiona watu waangalifu. Tangu hapo mafuta ya kupima tunayafuata na chupa ile ile, karanga nanunua kwa yule mama anayefunga kwa karatasi, na kikapu cha ukili kinakaa nyuma ya mlango ili kisisahaulike. Ndoo sasa huchukua wiki mbili kujaa. Bado inajaa, na hilo linaniuma.

Jambo gumu zaidi lilikuwa la mtaani. Gari la taka lilikuwa limekawia wiki tatu, mvua ikaanza usiku, nami nikasikia ndoo zikimwagwa mtaroni gizani, desturi ambayo kila mmoja wetu anaijua na wengi wetu tumewahi kuifanya. Mimi pia niliifanya, miaka ya nyuma, kwa mkono wangu. Kulipokucha nilichukua reki na koleo nikaanza kuvuta taka kuanzia mbele ya geti langu. Kifungashio cha kwanza kutoka kilikuwa cha karanga, chumvi bado imeganda kwenye kona. Jirani alitoka, akasimama barazani akinitazama kwa muda, kisha akavuka na kuniuliza kama nikimaliza upande wangu ningemwazima reki.