Kumbukumbu ya kitalu cha Uyole, Mbeya: wiki ya kubebesha maparachichi

Miche iliyooteshwa Machi imefika unene wa penseli, na macho ya matawi ya Hass, aina ya parachichi tunayobebesha juu ya miche hiyo, kule Tukuyu yameanza kutuna. Mambo hayo mawili yakikutana, ratiba ya mstaafu inapinduka yote: benki, soko, bao na matembezi vinapangwa kuzunguka kisu, kwa sababu kikonyo, ile ncha ya tawi inayopachikwa juu ya mche, kikishakatwa hakina subira. Ni mwisho wa Agosti. Baridi kali ya Uyole imelegea, na upepo mkavu wa Septemba haujaanza kuvuma sawasawa.

Jumatatu

Kuchagua miche ya kubebeshea. Kipimo kinachukuliwa sentimita 25 kutoka kwenye udongo: shina liwe na milimita 6 hadi 10. Chini ya hapo mche unarudishwa nyuma ya kitalu usubiri, maana shina jembamba likipasuliwa halina nguvu ya kukibana kikonyo. Shina lililokwisha kuwa gumu na kahawia hadi juu nalo si zuri. Linalotakiwa ni la kijani iliyokolea, linalokatika kwa kisu bila kusagika.

Miche michache imenyauka kuanzia kwenye ncha ilhali udongo una maji. Ukiing'oa, mizizi midogo ni myeusi na inakatika ovyo. Huo ni uozo wa mizizi, na mara nyingi ulianzia kwenye mbegu iliyotoka kwenye tunda lililookotwa chini. Dawa yake ni kuuzuia mapema: mbegu za tunda lililochumwa mtini zinaoshwa, zinalowekwa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa nusu saa, kisha zinapozwa na kusiwa upande mpana ukiwa chini. Kipimajoto cha maziwa cha wafuga ng'ombe kinatosha kabisa. Kukisia kwa kidole ni kujidanganya: chini ya nyuzi 48 vimelea vinapona, juu ya 52 kiini cha mbegu kinaiva.

Miche iliyochaguliwa imemwagiliwa vizuri, na itamwagiliwa tena jioni ya kuamkia siku ya kubebesha. Mche wenye kiu gamba lake linanata na mti, na mkato hautoki laini.

Jumanne

Benki kwanza, asubuhi, kabla ya kushika udongo. Atakayetumia alama za vidole asianze na kujaza viriba: ngozi iliyosuguliwa na mchanga mashine inaikataa, na foleni ya wastaafu haina huruma.

Kutoka hapo ni soko la Mwanjelwa. Vitu vya kununua: nyembe za kisu, spiriti, jiki, utepe wa kubebeshea, vifuko vyembamba vyeupe vya kufungia barafu. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019, ile desturi ya kuchana rambo kuwa utepe imekufa, na haikuwa desturi nzuri, maana rambo ilikuwa haivutiki na ilikuwa inaacha mwanya. Utepe wa maduka ya pembejeo unavutika na kushika. Viriba vya inchi 6 kwa 9 bado vinapatikana huko huko.

Mchana, kuchanganya udongo wa awamu ijayo. Kanuni inayotajwa kila mahali ni madebe 3 ya udongo wa juu, 2 ya samadi, 1 ya mchanga. Kwa Uyole mchanga unapunguzwa hadi nusu debe, kwa kuwa udongo wa huku umejaa chembe nyepesi za mawe ya volkano na unapitisha maji wenyewe. Anayeifuata ile kanuni ya vitabuni bila kupunguza mchanga atajikuta anamwagilia mara mbili kwa siku. Samadi iwe imeiva: ukiingiza mkono katikati ya lundo usikute joto wala harufu kali.

Jumatano

Siku ya Tukuyu, pamoja na wazee wenzetu. Mpango ni vikonyo asubuhi, matembezi baadaye. Vikonyo vya asubuhi vimejaa maji. Vya saa nane vimeshachoka na jua.

Kikonyo kizuri ni ncha ya tawi lililokomaa la msimu uliopita, urefu sentimita 10 hadi 15, unene ule ule wa shina la chini, na jicho la juu lililotuna bila kufunguka. Kazi ni kulijua jicho la jani na tumba la ua. Jicho la jani limechongoka na kubana. Tumba la ua ni nene, la mviringo. Palitokea ubishi wa kutosha chini ya mti:

"Mwalimu, hicho kimenona, kikate."

"Hapana mzee mwenzangu, hilo ni ua."

Mwalimu alikuwa sahihi. Kikonyo chenye tumba kinashika vizuri, watu wanafurahi, kisha kinatoa shada la maua badala ya majani na kufa kwa njaa, kwa kuwa hakina jani la kukilisha.

Majani yanakatwa palepale, kikibaki kikono cha nusu sentimita. Jani likiachwa linaendelea kuvuta maji, na ndani ya saa chache kikonyo kinasinyaa. Kati ya mti mama mmoja na mwingine mkasi unatumbukizwa kwenye jiki, sehemu moja kwa tisa za maji, kisha unafutwa. Vikonyo vinafungwa ishirini ishirini, vinaviringishwa kwenye gazeti lililoloa na kukamuliwa, vinatiwa kwenye mfuko, kisha kwenye kasha la kupozea. Barafu isiguse gazeti, itaunguza macho. Kila fungu liandikwe aina yake.

Kasha likaachwa kivulini kwa mwenyeji, ndipo safari ya Kijungu na Daraja la Mungu, kwenye mto Kiwira. Maji ya mto yapo chini kiangazi hiki, na Daraja, lile tao la mwamba juu ya mto, linaonekana vizuri hadi upande wa chini. Viatu vya soli laini viachwe nyumbani, mawe ya kando yanateleza hata siku kavu.

Alhamisi

Kubebesha, saa kumi na mbili na nusu hadi saa nne. Jua likishapanda, mkato unakauka kabla ya kufungwa.

Shina linakatwa kwenye kimo cha sentimita 20 hadi 25, yakibaki majani mawili matatu chini ya mkato. Hayo ndiyo yanayoulisha mzizi wakati kikonyo bado kinajitafuta. Kisu kinawekwa katikati ya kisiki na kusukumwa taratibu hadi mpasuko wa sentimita 3. Ukisukuma kwa pupa mpasuko unakimbilia pembeni, na hapo mche huo umekwisha kwa leo.

Kikonyo kinachongwa kabari yenye pande mbili, kila upande sentimita 3, kwa mvuto mmoja wa kisu. Mvuto mmoja, si kukwangua. Uso uliokwanguliwa una vilima na mabonde, hewa inakaa humo, na panapokaa hewa hapaungi. Ukiwa umechongwa vizuri unang'aa, na ukiugusanisha na bapa la kisu hauoni mwanga katikati.

Kinachounga ni ule utando mwembamba wa kijani ulio kati ya gamba na mti. Kwa hiyo kikonyo kikiwa chembamba kuliko shina, kisiwekwe katikati eti kipendeze: kisogezwe upande mmoja mpaka gamba likutane na gamba. Hapa ndipo wengi wanapopoteza miche na kuilaumu baridi.

Utepe unaanzia chini ya mpasuko na kupanda juu, kila mzunguko ukilala nusu juu ya mwingine, kwa kukaza. Kifuko kinavishwa juu ya kikonyo chote na kufungwa chini ya kiungo. Kisu kinafutwa kwa spiriti kila baada ya miche mitano hivi, kwa kuwa utomvu unaganda na kuvuta nyuzi. Mikono inageuka kahawia, hiyo haina tiba.

Ijumaa

Miche yote chini ya neti ya kivuli. Maji kwenye kiriba tu, asubuhi. Matone ndani ya kifuko ni dalili njema. Maji yaliyotuama chini ya kifuko si dalili njema, toboa tundu la sindano.

Jumamosi

Hakuna kazi. Bao kuanzia saa nne, kete 64, na ugomvi ule ule wa kila wiki kama nyumba, lile shimo la mraba, inaruhusiwa kulala kabla ya zile 22 za mkononi za kila mchezaji kwisha. Chai ya Rungwe, viazi vya kuchemsha.

Jumapili

Ukaguzi mfupi baada ya ibada. Kikonyo kilichokuwa cheusi kuanzia juu kimekufa. Kilichobaki kijani kinasubiriwa. Kwa baridi ya Uyole macho hufunguka karibu wiki ya sita, ilhali sehemu za joto ni wiki ya tatu au ya nne. Yakifunguka, kifuko kinakatwa pembe kwanza, kinavuliwa baada ya siku chache. Machipukizi ya chini ya kiungo yanang'olewa kila yanapojitokeza, la sivyo yale ya mche wa chini wa kienyeji yatameza Hass. Utepe unachanwa kwa wembe katika mwezi wa tatu baada ya kubebesha, kabla haujaanza kulibana shina.

Fungu moja ni Fuerte, aina nyingine ya parachichi, kwa ajili ya chavua. Ua la Hass linafunguka asubuhi likiwa jike na kurudi alasiri ya kesho yake likiwa dume; la Fuerte ni kinyume, jike alasiri, dume asubuhi inayofuata. Mti mmoja wa Fuerte kwa takriban tisa za Hass unatosha. Miche hiyo imefungwa uzi mwekundu, kwa sababu ikishatoa majani ni vigumu kuitofautisha kwa macho, na mashimo ya kuipandia kwa wenzetu wa Isongole, sentimita 60 kila upande, yanachimbwa kabla ya mvua za Novemba.